Haja na Ziada: Swali la Kimaadili katika Klipu ya Titani

Miongoni mwa maswali ya kale ya falsafa ya kazi ni lile linalouliza mpaka kati ya haja na ziada uko wapi: fundi akishakipa kifaa kila kinachokihitaji ili kifanye kazi yake, je, juhudi anayoendelea kuitia humo ni fadhila, au ni israfu, yaani matumizi ya mali, muda na nguvu kupita kiasi? Kwa kawaida swali hili hujadiliwa kwa mifano mikubwa, kama vile nyumba za ibada, makaburi ya wafalme na mavazi ya sherehe, ambamo anayetetea ziada hujificha nyuma ya utukufu wa Mungu au fahari ya umma, na anayeipinga hutaja maskini wanaolala njaa nje ya ukuta. Linapoelekezwa kwenye kitu kidogo kisicho na utukufu wala fahari, hoja hizo hupungua nguvu, na kinachobaki kuchunguzwa ni uhusiano kati ya fundi, kitu anachokitengeneza na matumizi ya kitu hicho. Klipu ya titani ya kisu cha kukunja ni kitu cha namna hiyo.

Klipu ni ulimi mwembamba wa metali unaofungwa kwa skrubu mbili au tatu ubavuni mwa mpini wa kisu, nao hubana upindo wa mfuko wa suruali ili kisu kikae mahali pamoja badala ya kuzama chini pamoja na funguo na sarafu. Zamani visu vya kukunja vilitupwa tu mfukoni, au vilivaliwa mkandani ndani ya ala ndogo. Mwaka 1981 kampuni ya Spyderco ya Golden, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, iliyoanzishwa na Sal Glesser, ilitoa kisu kilichoitwa Worker, ambacho kiliunganisha klipu ya mfukoni na tundu la duara kwenye ubapa lililomwezesha mtu kukifungua kwa mkono mmoja, na mpangilio huo ukaenea hadi ukawa jambo la kawaida. Klipu nyingi za viwandani hukatwa na kupindwa kwa mashine kutoka bamba la feleji, yaani chuma cha pua, nazo hufanya kazi yake bila lawama kubwa. Hata hivyo wako mafundi, hasa Marekani na katika baadhi ya nchi za Ulaya, ambao huiondoa klipu hiyo na kutengeneza nyingine ya titani kwa ajili ya kisu kimoja na mtu mmoja, kwa gharama inayopita mbali thamani ya ile iliyoondolewa. Kwa kuwa kile kilichohitajika kilikuwapo tayari, karibu kila kinachoongezwa hapa ni ziada, na ndiyo maana mfano huu unalifaa swali.

Ili hoja isielee hewani, inafaa kwanza kuitazama metali yenyewe. Titani iligunduliwa mwaka 1791 na William Gregor, kasisi wa Cornwall nchini Uingereza, alipokuwa akichunguza mchanga mweusi wa mtoni, na miaka minne baadaye mkemia Mjerumani Martin Heinrich Klaproth aliipa jina la Watitani wa visasili vya Kigiriki. Aloi, yaani mchanganyiko wa metali, inayopendwa na mafundi wa visu ina takriban asilimia 6 ya alumini na asilimia 4 ya vanadi; uzito wake ni kama gramu 4.43 kwa sentimita moja ya ujazo, ilhali feleji hukaribia gramu 7.85, na haishiki kutu kwa jasho wala kwa maji ya chumvi. Sifa yenye maana kubwa zaidi kwa klipu ni unyumbufu wake: ulimi wa titani ukisukumwa hukubali kunepa zaidi kuliko ulimi wa feleji wenye unene uleule, kisha hurudi mahali pake, lakini kwa sababu hiyohiyo hubana kwa nguvu ndogo zaidi. Unene ukiongezwa kwa takriban asilimia 20 upungufu huo hufidiwa, na hata hivyo klipu hubaki na uzito wa kama thuluthi mbili za ile ya feleji. Kwa hiyo badiliko la metali lina faida halisi, ijapokuwa ni faida ambayo wabebaji wengi wa visu hawajawahi kuihisi kuwa pengo.

Kazi yenyewe huanza kwa kuchora umbo kwenye bamba lenye unene wa kama milimita moja na nusu na kupima nafasi za matundu, kwa kuwa tundu likihama kwa sehemu ndogo ya milimita skrubu hukataa kuingia. Matundu hutobolewa kwa keekee inayozunguka polepole huku mafuta yakidondoshwa, kwa sababu titani haipitishi joto vizuri, na joto lisilopata njia ya kutoka hukusanyika kwenye ncha ya keekee na kuifubaza. Vumbi laini linalotoka kwenye mashine ya kusaga huweza kushika moto wa mwanga mweupe mkali, ambao haumwagiwi maji bali hufukiwa kwa mchanga mkavu. Baada ya tupa na msasa huja kupinda, ambako bamba hubanwa kwenye jiliwa na kupashwa moto, kwa maana aloi hii ikilazimishwa kona kali ikiwa baridi hupata nyufa. Tena kila inapoachiwa hurudi nyuma kidogo, hivyo fundi hana budi kuipitisha pembe anayoitaka, akikisia kwa mkono kiasi ambacho metali itarejea. Mwishoni klipu hufungwa kwenye mpini na kujaribiwa kwenye upindo wa jinzi nzito. Ikibana mno, hukwaruza nyuzi za upindo hadi zichanike. Ikilegea, kisu huchomoka mwenye nacho akiketi. Ncha yake isipoinuliwa, kitambaa hakipati pa kuingilia, na ikiinuliwa kupita kiasi hunasa mkanda wa kiti cha gari. Fundi huitoa, huirudisha kwenye jiliwa, huipinda tena na kujaribu upya, mpaka kitambaa kiingie bila kusukumwa kwa nguvu na kisu kisitoke bila kuvutwa kwa makusudi.

Falsafa ilianza mapema kuzitazama kazi kama hizi kwa mujibu wa daraja zake. Mwanzoni mwa kitabu kinachojulikana kama Maadili ya Nikomako, Aristotle anaeleza kwamba kila sanaa hulenga jema fulani na kwamba malengo ya sanaa moja huwa chini ya malengo ya nyingine, na mfano anaoutoa ni wa kifaa kidogo cha kushikiza: utengenezaji wa hatamu uko chini ya sanaa ya kuendesha farasi, na sanaa hiyo iko chini ya sanaa ya vita. Kwa mpangilio huu, utengenezaji wa klipu uko chini ya ubebaji wa kisu, ubebaji uko chini ya ukataji, na ukataji uko chini ya mahitaji ya maisha, kama vile kufungua mzigo, kumenya tunda au kukata kamba. Ikiwa thamani hushuka kutoka juu kwenda chini kupitia daraja hizo, klipu, ambayo ni mtumishi wa mtumishi, hupokea thamani finyu sana, na fundi anayeitia juhudi kubwa kuliko thamani iliyoifikia huonekana kama mtu anayelipa deni asilodaiwa.

Katika kitabu hichohicho, hata hivyo, Aristotle anatoa jambo jingine linalozuia hitimisho hilo lisifikiwe kwa haraka. Anasema kwamba kazi ya mpiga kinubi na kazi ya mpiga kinubi hodari ni kazi moja, ila kwa huyu wa pili imeongezwa ubora. Ubora kwa maana hii si kazi nyingine iliyobandikwa juu ya ile ya kwanza. Ni ileile ikitendwa vizuri. Klipu inayobana vema haifanyi jambo tofauti na klipu inayobana vibaya, na kwa hiyo sehemu kubwa ya kile kilichoitwa ziada hapo juu huenda si ziada kabisa, bali ni haja iliyotimizwa kikamilifu. Lakini ufafanuzi huu haumalizi tatizo, kwa sababu hausemi ukamilifu huo usimame wapi, wala haugusi vile vitu ambavyo fundi huviongeza na ambavyo havina uhusiano wowote na kubana, kama vile rangi na michoro.

Fikra ya Kiislamu ilikwisha kuliandalia tatizo hili istilahi zake. Wanazuoni wa misingi ya sheria, akiwamo Al-Ghazali aliyefariki mwaka 1111 na baadaye Al-Shatibi wa Andalusia aliyefariki mwaka 1388, waliyagawa maslahi ya binadamu katika ngazi tatu: dharura, ambazo zikikosekana maisha huharibika, haja, ambazo zikikosekana maisha huwa na dhiki, na tahsini, yaani mambo yanayoyapamba maisha na kuyatia adabu, ambayo yakikosekana hakuna anayedhurika lakini maisha hupungukiwa na uzuri. Mgawanyo huu una faida ya kutoichukulia ngazi ya tatu kuwa upuuzi, kwa kuwa nayo imehesabiwa miongoni mwa maslahi. Al-Shatibi anaongeza sharti lenye uzito kwa mada hii: kila kikamilishi, yaani kila kinachoongezwa ili kukamilisha kitu cha ngazi ya juu yake, kinakubalika maadamu hakirudi kukibatilisha kile kilichokusudiwa kukikamilisha. Sharti hili lilitungwa kwa ajili ya hukumu za sheria, lakini mantiki yake inahamia vizuri kwenye karakana. Klipu ni kikamilishi cha kisu. Urembo ni kikamilishi cha klipu. Na urembo unaoifanya klipu ichane mfuko umebatilisha asili yake, hata ukiwa umechongwa kwa ustadi wa kustaajabisha.

Ni haki kukiri kwamba mapokeo hayohayo yana sauti kali zaidi. Katika Ihya Ulum al-Din, kwenye mlango wa adabu za uchumi, Al-Ghazali anazihesabu kazi za mikono kuwa faradhi ya jamii, ambayo wote wakiiacha maisha ya watu huvunjika, lakini papo hapo anamshauri mtu ajiepushe na kazi ambazo makusudio yake ni kuipamba dunia, kama vile unakshi na usonara, akisema kuwa watu wa dini walizichukia. Kwa kipimo hiki, fundi anayetengeneza klipu ya titani yuko mahali pa shaka, kwani kazi yake ina mguu mmoja katika faradhi na mwingine katika pambo. Nguvu ya hoja ya Al-Ghazali iko katika kumtazama fundi kabla ya kukitazama kitu: anaogopa kwamba moyo unaoshughulika na kupamba vitu vidogo utajisahau humo, na kwamba umri, ambao ndio mtaji wa pekee wa mtu mbele ya Mola wake, utaishia katika mambo yasiyomsindikiza kaburini.

Al-Ghazali huyohuyo, hata hivyo, katika sehemu ya kitabu hicho inayohusu shukrani, anakichukua kitu kidogo cha metali, yaani sindano, na kueleza kwamba hupita mikononi mwa mtengenezaji wake mara 25, na kila mara kufanyiwa tendo fulani, kabla haijawa sindano. Wasomi wa historia ya uchumi hupenda kuulinganisha mfano huu na ule wa Adam Smith, ambaye mwaka 1776 alieleza jinsi utengenezaji wa pini ulivyogawanywa katika hatua kama 18, hata watu 10 wakaweza kutoa zaidi ya pini 48,000 kwa siku. Mifano hii miwili hutazama takriban kitu kimoja, lakini huishia kwenye mafunzo tofauti kabisa. Smith anaona humo siri ya wingi: tendo likigawanywa, bidhaa huongezeka. Al-Ghazali anaona humo sababu ya kushukuru: ikiwa hata sindano imebeba matendo mengi hivyo, mwenye kuitumia anaishi juu ya mgongo wa kazi za watu asiowajua, na ujinga wake juu ya jambo hilo ni aina ya ukosefu wa shukrani. Klipu ya kiwandani ni mtoto wa funzo la Smith, nayo si ya kudharauliwa, kwa kuwa ndiyo iliyokifikisha kisu chenye klipu mikononi mwa watu wa kipato cha kawaida. Klipu ya fundi mmoja inaweza kuwa mtoto wa funzo la Al-Ghazali, kwa maana kwamba aliyeitengeneza, na pengine aliyeinunua, amelazimika kuyafahamu matendo yaliyojificha ndani ya kitu ambacho wengine hukibeba kila siku bila kukitambua. Haja ya kuyafahamu haijakidhiwa na kiwanda, na kwa kiasi hicho kinachoitwa ziada kimejibu upungufu wa aina nyingine.

Maandiko matakatifu nayo hayakuona aibu kushughulika na vishikizo. Kitabu cha Kutoka, katika sura ya 26, kinaagiza vifungo 50 vya dhahabu vya kuyaunganisha mapazia ya ndani ya maskani, na vifungo 50 vya shaba vya kuliunganisha hema la nje la singa za mbuzi, na katika sura ya 31 fundi Besaleli anatajwa kuwa amejazwa roho ya Mungu ili aweze kazi za dhahabu, fedha na shaba. Kinachofaa kuangaliwa hapa ni kwamba vifungo vya ndani na vya nje vina idadi moja na kazi moja, ilhali metali zake zinatofautiana kwa kufuata mahali vinapokaa. Ziada haikumwagwa kila upande, iligawiwa kwa mizani. Katika Uislamu, hadithi aliyoipokea Al-Bayhaqi inaeleza kuwa Mwenyezi Mungu hupenda mtu afanyapo kazi aifanye kwa itqani, yaani kwa ukamilifu na umakini, na aya za 31 na 32 za sura ya Al-Araf zinaamrisha watu wachukue pambo lao, zinakataza israfu, kisha zinahoji ni nani aliyeliharamisha pambo la Mwenyezi Mungu. Pambo na katazo la israfu vimewekwa bega kwa bega, jambo linaloonyesha kwamba mpaka unaotafutwa haupiti kati ya kupamba na kutopamba, bali unapita ndani ya kupamba kwenyewe.

Historia ya Japani inatoa ushahidi wa namna mpaka huo unavyoweza kulindwa na kisha kupotea. Katika zama za Edo, kati ya mwaka 1603 na 1868, vazi la kimono halikuwa na mifuko kama ya suruali, na wanaume walining'iniza mfuko wa tumbaku au kijisanduku cha dawa kwa kamba iliyopita chini ya mshipi, huku kamba hiyo ikizuiwa isiteleze na kifundo kidogo kilichoitwa netsuke, kilichochongwa kwa mbao au pembe ya ndovu. Wachongaji walikigeuza kifundo hicho kuwa panya, samaki, mzee anayecheka au mzimu, lakini uhuru wao uliwekewa mipaka na vazi: kifundo kilipaswa kuwa mviringo na kushikamana, bila kiungo kilichochomoza ambacho kingevunjika au kunasa hariri, na kiwe na matundu ya kamba yasiyoiharibu sura. Mkia wa panya ulikunjwa kuuzunguka mwili wake kwa sababu ya hariri, na mkunjo huohuo ndio uliompa panya uzuri wake. Mavazi ya Kimagharibi yenye mifuko yalipoenea baada ya 1868, haja ya kifundo ilififia, na kazi nyingi zikaanza kuchongwa kwa ajili ya wakusanyaji wa ng'ambo. Ustadi haukufa siku hiyo, lakini kilichoondoka ni hakimu: hapakuwa tena na mshipi wala hariri ya kumwambia mchongaji kwamba amekosea.

Kutokana na hayo yote, kipimo kinachopendekezwa hapa kinaweza kutamkwa. Ziada katika kitu cha kutumika ni halali kimaadili pale inapokubali kuhukumiwa na matumizi ya kitu hicho, na inageuka israfu pale inapojitoa katika hukumu hiyo. Klipu inayorudishwa kwenye jiliwa kwa sababu imekwaruza upindo wa jinzi imekubali kuhukumiwa, nayo saa zilizotumika kuinyoosha si upotevu hata kama hakuna mpita njia atakayeziona. Kipimo hiki kinatofautiana na kile cha kuitukuza kazi ya mkono kwa sababu tu ni ya mkono. David Pye, fundi na mwalimu Mwingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1968 kuhusu ufundi, alitofautisha kazi ya hatari, ambayo matokeo yake hutegemea uangalifu wa mtendaji katika kila tendo, na kazi ya uhakika, ambayo matokeo yake yamekwisha kuamuliwa na mashine kabla haijaanza, na alionya kwamba hakuna hata moja kati ya hizo iliyo bora kwa asili yake. Mafundi wengi wa klipu leo huchonga kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta, na klipu iliyotoka humo inaweza kumtii mtumiaji kuliko ile iliyopindwa kwa mkono na fundi mwenye majivuno.

Rangi ndiyo inayokipa kipimo hiki mtihani mgumu. Titani hupakwa rangi bila rangi: klipu hutundikwa ndani ya maji yenye chumvi fulani, ikaunganishwa na upande chanya wa umeme usiobadili mwelekeo kama ule wa betri, na utando mwembamba wa oksidi ukajijenga juu yake; nuru inayorudi kutoka juu ya utando hukutana na ile inayorudi kutoka kwenye metali iliyo chini, baadhi ya rangi zikafutana na nyingine zikaimarishana. Volti zikikaribia 30 huonekana buluu, zikikaribia 60 huonekana rangi ya dhahabu, na tofauti yote hiyo ni unene wa utando usioweza kupimwa kwa macho. Rangi hii haisaidii kubana kitu chochote, na hapa msemo wa Waswahili usemao kwamba uzuri wa mkakasi ukipata maji basi unaelekea kumshitaki fundi. Lakini msemo huo, ukiangaliwa vizuri, haulaumu uzuri; unalaumu uzuri usiostahimili kile ambacho kitu kimewekewa. Rangi ya titani haiongezi uzito, haikwaruzi kitambaa, na huchakaa taratibu pale mkono na kitambaa vinapogusa zaidi, hata ikawa kumbukumbu ya matumizi yenyewe. Haikamilishi asili, ila pia haiibatilishi, na kwa sharti la Al-Shatibi inatosha kuitwa tahsini.

Kipimo cha matumizi peke yake, hata hivyo, hakitoshi, kwa maana kinasahau upande wa pili wa kitu, yaani pale kilikotoka. Madini ya titani hupatikana zaidi kwenye mchanga mzito wa pwani, ukiwamo ule wa Kwale katika pwani ya Kenya, uliochimbwa kuanzia 2013 hadi mwishoni mwa 2024 na kusafirishwa kupitia Likoni, Mombasa. Sehemu kubwa mno ya madini ya aina hiyo duniani huishia kuwa unga mweupe wa kutilia rangi na plastiki, na sehemu ndogo tu hufanywa metali, kwa njia aliyoibuni William Kroll wa Luxembourg, ambayo hutumia klorini, magnesi na nishati nyingi. Kwa anayelijua hilo, namna ya kutengeneza klipu ina uzito wa kimaadili. Klipu inayopindwa kutoka bamba hupoteza metali kidogo pembezoni. Klipu inayochongwa kutoka donge zima, ili ipate mikunjo na mabonde ambayo kupinda hakuwezi kuyatoa, huweza kugeuza sehemu kubwa ya donge hilo kuwa chembe sakafuni. Zote mbili zinaweza kubana sawasawa, lakini katika ile ya pili ziada imelipiwa na mchanga wa watu wengine, na fundi mwenye itqani hana budi kuliweka hilo katika hesabu ya ukamilifu wake, walau kwa kuzikusanya chembe hizo zirudi kuyeyushwa.

Vilevile klipu hurithi maadili ya kisu. Kwa mpangilio wa Aristotle, kilicho chini hakiwezi kuwa chema zaidi ya lengo kinacholitumikia, na kisu hutumikia lengo la kukata kamba ya mzigo na pia lile la kumjeruhi mtu. Fundi hana mamlaka juu ya moyo wa mnunuzi, lakini umbo la klipu lina adabu yake: iko aina inayokizamisha kisu chote ndani ya mfuko na kuacha ukanda mwembamba tu ukionekana, na iko inayokiacha mpini ukichomoza ili utambulike. Wanaoipendelea ya kwanza mara nyingi hutoa sababu ya kutowatisha watu kazini na barabarani, ingawa kuficha huko kunaweza pia kumfaa mwenye nia mbaya. Hapa ufundi unafikia mwisho wa uwezo wake, kwa kuwa hakuna kiasi cha ubora katika kubana kinachoweza kuitakasa nia ya mbebaji.

Pingamizi la mwisho ni lile la klipu isiyotumika kabisa, inayonunuliwa na mkusanyaji na kulazwa katika kisanduku chenye kitambaa laini pamoja na kisu kisichowahi kukata kitu. Mtu anaweza kudai kwamba kipimo kilichopendekezwa kinaihukumu vikali mno, kwani netsuke nyingi zilizoko katika makumbusho leo hazishikizi chochote, na bado zinafundisha na kufurahisha. Jibu ni kwamba hukumu inayozungumziwa hapa inahusu namna kitu kilivyotengenezwa kabla ya kuhusu kinakolala. Klipu iliyojaribiwa kwenye jinzi na kurekebishwa mpaka ikatii imekwisha kuupita mtihani wake, na ukimya wa kisandukuni hauufuti. Iliyotengenezwa tangu mwanzo kwa ajili ya kisanduku, bila mtu yeyote kujali kama ingebana, haikuwa klipu ila kwa sura. Hofu ya Al-Ghazali inabaki na nguvu yake yote kwa mkusanyaji na kwa fundi anayemtegemea, kwa sababu wote wawili wanaweza kuumaliza umri wao katika vitu ambavyo havikumhudumia yeyote. Kwa fundi anayetengenezea matumizi, hofu hiyo inageuka kuwa kipimo cha kujikagua: kila anapotaka kuongeza kitu, ajiulize ni nani au ni nini kitakachomwambia kwamba amekosea, na akikuta hakuna, aiweke tupa chini.